Neema, Usizibe Masikio

Marangu

Mpendwa Neema, binti wa kaka yangu,

Mvua za vuli zimechelewa na baba yako analalamikia migomba kila asubuhi, lakini hiyo ni kawaida yake hata mvua ikiwahi. Goti la bibi limepoa. Ameanza tena kwenda misa ya kwanza na kuwagombeza wanakwaya wanaochelewa. Kwaya imepata mpiga kinanda mpya, kijana wa kidato cha tatu mwenye vidole vyepesi, ila anaukimbiza kila wimbo. Nitamnyoosha.

Ujumbe wako nimeupata na nimeusikiliza zaidi ya mara moja. Umeniambia mambo mawili. La kwanza, mwalimu wenu amewapa kazi ya kuwalinganisha watunzi wa Ufaransa wanaoitwa impresionisti, Debussy na Ravel, na wewe unaona ni walewale tu, wote maji na mwezi. La pili ulilisema haraka haraka mwishoni, ukidhani sitalisikia: kwamba tangu uanze kutunga nyimbo zako umeacha kusikiliza muziki wa watu wengine, usije ukaambukizwa, ili mtindo wako uwe wako peke yako.

La kwanza halina shida. Hilo la pili, mimi shangazi yako, silikubali. Nitayajibu yote mawili kwa pamoja, maana ukiielewa vizuri kazi ya mwalimu utaona mwenyewe kwa nini nakukatalia.

Kwanza achana kidogo na hilo jina. Mwaka 1874 wachoraji kadhaa wa Paris waliokataliwa na wakubwa wa sanaa walifanya maonyesho yao wenyewe katika studio iliyokuwa ya mpiga picha Nadar. Claude Monet alileta picha ya bandari ya Le Havre alfajiri, akaiita taswira tu ya jua linalochomoza. Mwandishi mmoja wa gazeti, Louis Leroy, akalidaka jina lile akawadhihaki nalo wote, na wenyewe wakaamua kulivaa. Kwenye muziki lilifika mwaka 1887, nalo kwa kejeli vilevile: wazee wa Akademia ya Sanaa walimwonya Debussy ajihadhari na huo uimpresionisti usioeleweka. Debussy hakulipenda hadi kufa. Mwaka 1908 alimwandikia mchapishaji wake kwamba wanaolitumia ni wapumbavu. Kwa hiyo insha yako isianze na jina ambalo mwenyewe alilikataa. Ianze na watu.

Claude Debussy alizaliwa mwaka 1862 Saint-Germain-en-Laye, nje kidogo ya Paris. Wazazi wake walikuwa na duka la vyombo vya kaure, na mambo hayakuwaendea vizuri. Baba yake alifungwa baada ya uasi wa Komuni ya Paris wa mwaka 1871. Mwaka uliofuata mtoto huyo wa mfungwa, akiwa na miaka 10, akaingia Konsavatori ya Paris. Wanaompenda husimulia jinsi alivyowachokoza walimu wa upatanifu kwa kupiga kodi za piano ambazo hazikuwamo kitabuni. Ni kweli aliwachokoza. Lakini alikaa pale miaka 12, akajifunza kila walichokuwa nacho, na mwaka 1884 akashinda Prix de Rome, tuzo iliyokuwa kubwa kuliko zote kwa mtunzi kijana nchini mwao. Hilo ulisome mara mbili, maana najua jinsi unavyolikwepa zoezi lako la sauti nne.

Maurice Ravel ni mdogo wake kwa karibu miaka 13. Alizaliwa mwaka 1875 Ciboure, katika nchi ya Wabaski, karibu kabisa na mpaka wa Hispania. Mama yake, Mbaski aliyewahi kuishi Madrid, alimlea kwa nyimbo za Kihispania. Baba yake alikuwa mhandisi wa asili ya Uswisi, mtu wa mashine, aliyependa kuwapeleka wanawe kuona viwanda. Mimi husema nusu ya muziki wa Ravel imo ndani ya ndoa ile: mdundo wa ngoma kutoka kwa mama, mpangilio wa gurudumu na jino kutoka kwa baba. Naye alisoma Konsavatori, akatolewa, akarudi, akawa mwanafunzi wa Gabriel Fauré. Prix de Rome aliijaribu mara tano asipate nafasi ya kwanza hata mara moja. Mwaka 1905, akiwa tayari ana jina mjini, alikatwa kwenye mchujo wa awali, magazeti yakachafuka, na mwaka huohuo Fauré ndiye akawekwa kuwa mkurugenzi wa Konsavatori.

Sasa chimbuko la mtindo wenyewe. Turudi nyuma hadi mwaka 1889, mwaka wa yale Maonyesho ya Dunia ya Paris. Ufaransa ilikuwa inaadhimisha miaka 100 ya Mapinduzi yake, na mnara wa Eiffel ulikuwa mpya. Kwenye uwanja wa Invalides Wafaransa walijenga vijiji vya bandia wakawaweka humo watu wa makoloni ili watazamwe. Waafrika walikuwamo. Usiliruke hilo kwa sababu tu sehemu inayofuata ni tamu.

Kulikuwa na kijiji cha Wajava, na ndani yake gamelani: gongo kubwa na ndogo, vibao vya shaba vinavyogongwa kwa nyundo, na ngoma. Gongo kubwa hulia mara chache, kuufunga mzunguko. Sauti za kati hutembea kwa wastani, za juu hukimbia mbio, na kila tabaka lina mwendo wake bila kugombana na jingine. Hakuna anayetangulia mbele kuimba huku wengine wakimsindikiza, na muziki hauna haraka ya kufika mwisho. Debussy, kijana wa miaka 27 hivi, alikwenda, akarudi, akarudi tena. Miaka mingi baadaye, mwaka 1913, alikuwa bado anaandika kwamba ufundi wa Wajava wa kusokota sauti unaufanya ule wa Palestrina, bwana mkubwa wa muziki wa kanisa, uonekane mchezo wa watoto. Ravel naye aliisikia gamelani hiyo akiwa na miaka 14. Na katika maonyesho hayohayo mtunzi Rimsky-Korsakov aliongoza okestra kupiga muziki wa Warusi, uliokuwa na rangi na ngazi za nota ambazo Konsavatori haikuzifundisha.

Uliyaona hayo? Muziki tunaouita wa Kifaransa kupita wote ulipata damu kutoka Java na Urusi. Ongeza Hispania. Ongeza nyimbo za zamani za kanisa zenye ngazi zao ambazo si meja wala maina. Ongeza mashairi ya Verlaine na Mallarmé, yaliyopenda kudokeza kuliko kutamka. Ongeza Liszt, ambaye Debussy alimsikia kwa masikio yake Roma mwaka 1886, mzee akiwa amebakiza miezi michache ya kuishi. Ongeza Erik Satie, yule mpiga piano wa vilabu vya Montmartre ambaye Sarabande zake za mwaka 1887 zilikuwa tayari zinapanga kodi zisizotafuta pa kwenda. Na Wagner pia: Debussy alikwenda hadi Bayreuth mwaka 1888 na 1889 kumsikiliza, kisha akatumia miaka kujinasua kutoka kwake. Hata huko kujinasua kunahitaji kwanza uwe umemsikia mtu.

Nikueleze kilichonikuta mimi kuhusu haya ya kuchukua na kuchukuliwa. Nilipokuwa nafundisha muziki katika chuo kimoja cha ualimu Dodoma, vitabu tulivyopewa vilikataza katakata sauti mbili kutembea sambamba zikiwa zimepishana kwa tano. Wanafunzi wangu Wagogo walikuwa wakiandika hivyo kila wiki. Nami sikuwa na moyo wa kuwachafulia madaftari kwa kalamu nyekundu, maana kwao ndivyo watu wanavyoimba: sauti hupangana kwa nne na kwa tano, zikapanda pamoja na kushuka pamoja, na mwenye masikio hawezi kusema hapo pana kosa. Akaja mkaguzi, akayaona madaftari, akanihoji. Sikubishana. Nilimwekea kaseti ya ile prelyudi ya Debussy ya mwaka 1910, ya kanisa kuu lililozama baharini, ambamo kodi nzima nzima hutoka chini hadi juu zikiwa zimeshikana mikono, tano na nne zake zote sambamba. Akafumba macho, akasikiliza hadi mwisho, akasema ni muziki mzuri sana. Nikamwuliza, mbona hukumsahihisha? Akanijibu, mwalimu, huyo ni Debussy.

Basi. Debussy hakuchukua kitu Dodoma, usije ukaandika hivyo ukanitia aibu. Yeye aliyafikia hayo kupitia uimbaji wa kale wa kanisani na kwa kukaa kwenye piano akipapasa. Ninachotaka ujue ni kwamba sheria za vitabuni ni mazoea ya watu fulani wa mahali fulani. Zijifunze, zitakusaidia. Ila usidhani kwamba masikio ya bibi yako yako nje ya muziki.

Na sasa kazi ya mwalimu. Hawa wawili walinunua vitu katika soko moja, wakapika vyakula viwili tofauti. Ili uuone utofauti, usiwasikilize ovyo. Chukua maji, kwa kuwa umesema wote ni maji.

Mwaka 1901 Ravel aliandika Jeux d'eau. Maji yake ni ya chemchemi iliyojengwa bustanini, maji ya bomba na presha, yanayorushwa juu yakaanguka kwa mahesabu. Juu unasikia kumeta na kucheka. Chini, ukiwa na subira, utakuta lahani mbili zimepangwa kwa utaratibu wa zamani wa sonata, na besi inayojua nyumbani ni wapi. Mwaka 1905 Debussy akatoa Reflets dans l'eau. Maji yake yametulia. Kinachotembea ni picha ya vitu juu ya maji, inayovunjika na kujiunga tena. Kodi haiko pale ili kuisukuma inayofuata. Imewekwa uisikilize yenyewe, pedali ikiwa imekanyagwa, hadi itakapoisha. Ravel anakuonyesha kitu. Debussy anakuacha hapo ulipo, usijue kama umekiona kitu au umekikumbuka tu.

Fanya hivyohivyo na Java. Sikiliza Pagodes ya Debussy, ya mwaka 1903. Wewe uliyekulia kwenye solfa utaitambua mara moja: do, re, mi, so, la, huku fa na ti zikiwa zimewekwa kando. Lakini hakuishia kwenye ngazi. Alichukua mwendo wenyewe, besi inayolia mara chache huku mkono wa kulia ukikimbia juu, tabaka juu ya tabaka. Ravel alichukua ngazi hiyohiyo mwaka 1910 kwa hadithi ya malkia anayepigiwa muziki na viumbe vidogo vyenye ala za maganda ya lozi. Humo kila kitu ni kidogo, kikavu, kimepigwa msasa. Ni mwanasesere wa mtaalamu. Stravinsky alimfananisha Ravel na fundi wa saa wa Uswisi, na sidhani kama alikosea sana, ingawa wengine walilichukua neno hilo kuwa tusi.

Halafu nenda kwenye vitu vikubwa. La mer ya Debussy, ya mwaka 1905, ni bahari ambayo aliianza akiwa Burgundy, mbali kabisa na pwani, na kwenye jalada la nota akaweka wimbi la mchoraji Mjapani Hokusai. Boléro ya Ravel, ya mwaka 1928, ni ngoma moja ndogo inayorudia mdundo uleule kwa takribani robo saa, lahani ileile ikipokezwa kutoka ala hadi ala, sauti ikikua tu. Hapo unamwona baba mhandisi waziwazi. Usiniambie mtu aliyeandika Boléro na aliyeandika La mer ni walewale.

Mimi nikilazimishwa kuchagua, nachagua Debussy. Mjomba wako atakayeisoma barua hii kabla yako atasema Ravel, kwa sababu anapenda vitu vilivyonyooka. Mwache. Ila hata mimi nikipiga Le tombeau de Couperin ulimi wangu unanyamaza. Ravel alikuwa dereva wa malori ya jeshi katika Vita Kuu ya Kwanza, na sehemu za kazi hiyo aliwatunukia rafiki zake waliokufa vitani. Hakulia ndani yake hata kidogo. Alichukua ngoma za kasri za wafalme wa kale, rigodoni na minueti, akaziandika kwa usafi ule wake. Kwa namna yake, huko ndiko kuomboleza.

Sasa nikueleze jinsi kukopa kunavyoweza kuharibu udugu, maana wewe bado utakopa, upende usipende. Mwaka 1895 Ravel, akiwa kijana tu, aliandika Habanera ya piano mbili. Ilipopigwa hadharani mwaka 1898 Debussy aliisikia, akaiazima nota yake. Mwaka 1903 akatoa wimbo wake wa jioni ya Granada, wenye mdundo uleule na nota moja ileile inayong'ang'ania katikati. Watu wa upande wa Ravel wakasema kaiba. Baadaye Ravel alipoiingiza Habanera yake katika Rapsodie espagnole aliandika kabisa mwaka 1895 pale juu, asije mtu akadhani yeye ndiye aliyefuata. Upande wa pili, mhakiki Pierre Lalo hakuchoka kuandika kwamba Ravel ni kivuli cha Debussy, hadi Ravel akamwandikia akimkumbusha kwamba Jeux d'eau ilitangulia.

Wenyewe walikuwa wameheshimiana. Mpiga piano mmoja, Mhispania Ricardo Viñes, rafiki wa Ravel tangu utotoni, ndiye aliyezipiga kwa mara ya kwanza kazi nyingi za wote wawili. Ravel alimpangia Debussy kazi zake kwa piano, na Debussy alipokufa Machi 1918, Paris ikipigwa mizinga ya Wajerumani, Ravel alimtungia sonata ya fidla na selo kwa kumbukumbu yake. Lakini urafiki ulikuwa umepoa zamani, ukipoozwa na mashabiki. Wapambe wataharibu nyumba ya mtu halafu waende kulala kwao.

Kwa hiyo, Neema, haya ndiyo ninayotaka ufanye, na si ombi. Kuanzia wiki hii sikiliza kitu kimoja kila siku ambacho hukukitunga wewe. Kikikupendeza, kinakili kwa mkono, nota kwa nota, na pembeni uandike jina la mwenyewe na mahali kilipotoka. Ukikopa mdundo wa mtu, mtaje. Wale Wajava waliomfungua Debussy masikio walirudi kwao, na hakuna anayewataja kwa majina katika vitabu ninavyovijua, huku yeye akiitwa baba wa muziki mpya. Wewe usiwafanyie hivyo waimbaji wa kijijini utakaowarekodi kwa simu.

Na hofu yako ya kupotea ndani ya wengine iache. Ravel alikaa karibu sana na Debussy kiasi cha watu kuwachanganya hadi leo, na bado hakupotea. Anayepotea ni yule asiyejua alichukua nini.

Kitu kimoja zaidi, maana najua darasani mko wasichana wachache. Mwongeze katika insha yako Lili Boulanger. Mwaka 1913, akiwa na miaka 19 na mwili wa maradhi, alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda Prix de Rome ya utunzi, ileile iliyomkataa Ravel mara tano. Alifariki siku 10 tu kabla ya Debussy, hajatimiza hata miaka 25. Tafuta D'un matin de printemps. Kama mwalimu atauliza kwa nini umemweka wakati hakutajwa kwenye swali, mwambie shangazi yako amesema.

Anza na Jeux d'eau na Reflets dans l'eau, moja baada ya nyingine, simu ukiwa umeizima sauti ya ujumbe. Usisome kitu chochote kuhusu hizo mbili kabla hujaandika ukurasa mzima wa ulichosikia mwenyewe. Ukurasa huo nitumie kabla ya kumpa mwalimu, pamoja na lile zoezi la sauti nne ulilonificha. Na umpigie bibi simu Jumapili mchana, si usiku, amekwisha kulala.

Shangazi yako